Kunguni Kitandani: Jua na Birika, Siyo Sumu ya Mikorosho

Juma hili ukurasa wetu wa afya na usafi unaingia chumbani, tena chini kabisa ya godoro, kumzungumzia mdudu ambaye karibu kila mtu anamjua lakini hakuna anayependa kumtaja mbele ya wageni. Naye ni kunguni.

Huku kwetu Kitangari, na Newala na Masasi kwa jumla, kunguni ana msimu wake wa kutembea. Korosho zinapoanza kuokotwa, watu huhama. Wengine hulala mashambani, vibarua huja kutoka wilaya nyingine, wanunuzi hujaa nyumba za wageni, na magunia hutoka nyumba hadi ghala, na kutoka ghala moja hadi jingine. Pesa ya korosho ikishaingia mfukoni watu hununua vitanda na magodoro, na mengi ya hayo ni ya mkono wa pili. Kunguni haruki wala hana mbawa. Hubebwa. Gunia, begi, godoro la mtumba na mkeka uliokunjwa ndiyo magari yake.

Jambo lililotufanya tuandike makala hii si kunguni mwenyewe, bali kile ambacho baadhi yetu humfanyia. Katika nyumba nyingi za uwanda huu wa Makonde kuna kona yenye mfuko wa salfa uliobaki baada ya kupulizia ubwiri unga, na chupa ya dawa ya wadudu wa mikorosho iliyobaki nusu. Mama anaona kunguni kwenye godoro la watoto, baba anakumbuka ile chupa, bomba la mgongoni linaingizwa chumbani, na usiku huohuo watoto wanalazwa juu ya godoro lililolowa sumu. Ndugu msomaji, jambo hili ni la hatari kubwa, na chini tutaeleza kwa nini. Kwanza tumjue mdudu.

MDUDU MWENYEWE

Kunguni mzima ana ukubwa wa punje ya dengu, bapa, rangi ya kahawia, na akishashiba damu huvimba na kuwa mwekundu. Watoto wake wakitoka kwenye yai ni wadogo kuliko punje ya ufuta na karibu hawana rangi, ndiyo maana mtu hutazama kitanda mchana akaapa kuwa hakuna kitu. Mayai ni meupe, yamegandishwa kwenye mbao na mishono kama kwa gundi, hivyo kukung'uta peke yake hakuyatoi. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Wanaua wazima wote leo, wanashukuru, na baada ya wiki moja au mbili mayai yanaanguliwa na vita inaanza upya.

Katika joto la nchi zetu, kutoka yai hadi kunguni mzima huchukua kiasi cha wiki tano au sita. Ndani ya muda huo hujivua ngozi mara tano, na kila mara ni lazima kwanza apate damu. Jike hutaga yai moja hadi matano kwa siku, na katika maisha yake huweza kufikisha mayai mia mbili au zaidi. Akikosa damu hafi upesi, bali huweza kungoja miezi miwili, mitatu au zaidi. Kwa hiyo wale wanaofunga nyumba na kwenda kulala shambani msimu mzima wakidhani watarudi na kukuta kunguni wamekufa kwa njaa, wajue kwamba mara nyingi watapokelewa nao mlangoni.

Anapenda kutoka usiku wa manane hadi karibu na alfajiri. Hunyonya kwa dakika tano hadi kumi hivi, kisha hurudi mafichoni. Anayeamka kwa ajili ya tahajudi au kula daku ana nafasi nzuri kuliko wote: awashe tochi ghafla, anyanyue pembe ya godoro na amulike kwenye mishono, kwenye chaga na nyuma ya ubao wa kichwani. Hata asipowaona wenyewe, ataona alama zao. Vitone vyeusi kama vya wino ni kinyesi chao, na magamba mepesi ni ngozi walizovua.

Je, analeta maradhi? Haijathibitika kwamba kunguni humwambukiza mtu malaria, UKIMWI au homa ya ini. Lakini isichukuliwe kwamba hana madhara. Mtoto anayejikuna usiku kucha huchubuka, kidonda huingia uchafu na kutunga usaha. Kunguni wakiwa wengi sana, mtoto mchanga au mzee anaweza kupungukiwa damu. Halafu kuna usingizi. Mwanafunzi asiyelala hawezi kusikia la mwalimu, awe darasani au madrasa.

Jambo jingine ni aibu. Watu husema nyumba yenye kunguni ni ya wachafu, na wapo wanaofika mbali zaidi wakadai kwamba wametumiwa na mbaya wao. Yote mawili si kweli. Kunguni anakula damu, hali uchafu, na damu ya tajiri kwake ni sawa na ya maskini. Mwaka 2023 mji wa Paris, Ufaransa, ulitangazwa duniani kote kwa kunguni waliosemekana kuonekana hata kwenye viti vya sinema na treni. Uchafu unamsaidia kwa namna moja tu, kwamba chumba chenye marundo ya nguo, magunia na makasha kina maficho mengi. Lakini aibu inamsaidia zaidi, kwa sababu mwenye nyumba hunyamaza, mgeni hulala, na asubuhi mgeni huondoka naye kwenye begi.

SUNNA YA KUKUNG'UTA KITANDA

Imepokewa na Abu Hurayra (r.a.) katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa mtu anapokwenda kitandani kwake akikung'ute kwanza kwa upindo wa ndani wa nguo yake, kwani hajui ni kitu gani kilichoingia baada yake. Wengi wetu tunasoma dua ya kulala na kuliacha lile la kukung'uta. Haitamaliza kunguni, lakini anayekung'uta kila usiku huku amewasha taa ataviona vile vitone vyeusi wiki ya kwanza, siyo mwezi wa nne. Na tofauti kati ya kunguni wa wiki ya kwanza na wa mwezi wa nne ni kama ya cheche na moto wa pori.

Akina mama huuliza pia kuhusu damu ya kunguni kwenye kanga ya kuswalia au kwenye kanzu ya mtoto. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo tunayofuata wengi wetu katika pwani hii, damu kidogo ya wadudu kama viroboto na kunguni imesamehewa, kwa kuwa ni vigumu kujiepusha nayo. Usiache swala kwa ajili ya doa. Ikiwa imezidi sana, fua, au muulize shehe wa msikiti wako.

JOTO NDILO DAWA

Sasa tuje kwenye dawa. Katika tiba zote za asili tunazozijua, hakuna inayofikia joto. Kunguni na mayai yake hufa mara moja joto likifika nyuzi 50 au zaidi kidogo, na kwenye nyuzi 45 hufa wakishikiliwa humo kwa saa kadhaa. Joto halina kinga ya kuzoeleka kama sumu, na halibaki kwenye godoro kumdhuru mtoto.

Anza na kitanda. Kitoe chote nje na ukibomoe, chaga pembeni, mbao pembeni. Chemsha maji yatokote, yatie kwenye birika lenye mdomo mrefu, na uyamimine polepole kwenye kila tundu, kila maungio na kila ufa wa mbao. Birika ni bora kuliko ndoo kwa sababu maji yanakwenda unapotaka, na kwetu sisi ambao maji ni ya kuhesabu hilo si dogo. Visima vya Mitema viko bondeni kwetu hapa Kitangari, lakini kijiji cha juu uwandani wakati wa kiangazi kinajua bei ya ndoo. Birika tatu au nne zinatosha kitanda kimoja. Kitanda cha kamba ni kigumu zaidi, kwani kunguni hujipanga ndani ya misuko yenyewe. Kimwagie pande zote mbili, kiache juani, urudie. Ikiwa kamba zimechakaa, ni nafuu kuzikata na kusuka upya. Watoto wakae mbali wakati wote wa kazi hii, maana maji ya moto yana madhara kuliko kunguni mia.

Wapo watakaouliza kuhusu sheria, kwa kuwa yapo makatazo ya Mtume (s.a.w.) ya kuadhibu kiumbe kwa moto. Kuhusu maji ya moto, wapo wanazuoni walioruhusu pale ambapo madhara hayaondoki kwa njia iliyo nyepesi zaidi. Lakini ile desturi ya kupitisha kifuu kinachowaka au kibatari kwenye mbao za kitanda iachwe kabisa, kwa sababu ya makatazo hayo na kwa sababu ya paa la nyasi lililo juu yako.

Nguo, shuka, mito na kanga zinazohimili maji ya moto zifuliwe kwa maji ya moto sana. Zisizohimili zipeleke juani, lakini si kwa kuanika kawaida. Kunguni aliye kwenye nguo iliyoanikwa atashuka tu na kutafuta kivuli. Nunua nailoni nyeusi nzito inayouzwa kwa mita (ile mifuko myeusi ya sokoni ilipigwa marufuku tangu Juni 2019), zitandaze nguo ndani yake kwa safu nyembamba, kunja na ubane kingo zote kwa mawe au mchanga pasibaki upenyo, na uiache juu ya bati au ardhi kavu kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri. Fanya siku ya jua kali. Siku za mawingu na baridi za mwezi Juni na Julai usijidanganye.

Godoro lina tabu yake. Wataalamu wa Australia walijaribu kufunga godoro katika nailoni nyeusi na kuliweka juani. Upande wa juu uliungua hasa, upande wa chini ukabaki vuguvugu, na kunguni wana akili ya kutosha kuhamia chini. Kwa hiyo godoro la sponji ligeuze kila baada ya saa moja au mbili, tena kwa siku kadhaa, na kabla ya hapo pitisha mswaki mkavu mgumu kwenye mishono yote ukikung'utia ndani ya beseni la maji ya sabuni. Godoro la sufi au pamba lililojaa kunguni lifumuliwe, sufi ianikwe na kuchambuliwa, na gamba lake lichemshwe. Ni kazi ya siku nzima, lakini bibi zetu waliifanya kila mwaka bila hata kuwaona kunguni.

Kisha kuta. Nyumba ya kukandika kwa udongo ina nyufa, na kila ufa ulio karibu na kitanda ni chumba cha kunguni. Usihangaike kuwatoa, wazibie humohumo. Siliba kwa udongo laini uliochanganywa na majivu, kuanzia sakafuni hadi kimo cha mtu, na usisahau pale ukuta unapokutana na fito za dari na miimo ya mlango. Magunia ya korosho yasilale chumba kimoja na watu. Hapo hatuna jambo la kuongeza.

Mwisho, kitenge kitanda mbali na ukuta, shuka zisiguse sakafu, na kila mguu wa kitanda uwe ndani ya kopo lenye maji ya sabuni na matone ya mafuta ya kupikia juu yake. Kopo tupu halitoshi. Kunguni wa Ulaya hushindwa kupanda kitu kilaini, lakini kunguni wa nchi za joto, ambaye ndiye wetu, hupanda hata glasi. Maji yabadilishwe kila siku mbili tatu yasije yakawa mazalia ya mbu.

MAJANI, MAFUTA NA MOSHI

Msomaji atauliza, mbona mwarobaini haujatajwa? Tunautaja sasa. Maji yaliyochemshwa na majani ya mwarobaini hufaa kufutia mbao za kitanda baada ya maji ya moto, na yanawasumbua wadudu wengi, lakini hatuwezi kukuambia kwamba peke yake yatamaliza kunguni. Mafuta ya karafuu yana kiini kinachoitwa yujeno ambacho maabara imeonyesha kwamba huua kunguni, isipokuwa mafuta halisi ni ghali na huunguza ngozi, basi yaishie kwenye tundu za mbao, yasiguse shuka. Chuo Kikuu cha Rutgers cha Marekani kilichapisha mwaka 2014 matokeo ya kupima dawa za kunguni kumi na moja zisizo za viwanda vya kemikali kali, nyingi zikiwa za mafuta ya mimea, na ni mbili tu zilizoua zaidi ya tisini katika kila mia. Kwa hiyo anayekuuzia chupa ya mafuta ya mitishamba mnadani na kukuhakikishia kwamba usiku mmoja unatosha, mpe salamu uendelee na safari.

Majani ya maharage yana habari ya ajabu zaidi. Katika nchi za Balkan, kama Bulgaria na Serbia, watu wa zamani walitandaza majani mabichi ya maharage sakafuni usiku na asubuhi wakayafagia yakiwa yamejaa kunguni, wakayachoma. Mwaka 2013 wanasayansi wa Marekani walionyesha sababu: jani lina vinyweleo vilivyopinda kama ndoana ambavyo hutoboa miguu ya kunguni na kumnasa. Mwenye bustani ya maharage anaweza kujaribu, majani yawe mabichi ya siku hiyohiyo. Kilichopimwa ni jani la maharage ya kawaida. Usitandaze mbaazi au kunde ukatulaumu.

Udi na ubani ni harufu njema na ni vizuri nyumbani, lakini moshi wake hauui kunguni. Moshi wa pilipili utakutoa wewe chumbani, yeye atabaki.

Na neno "asili" lisitudanganye. Maji ya tumbaku ni ya asili na ni sumu kali inayopita kwenye ngozi. Salfa nayo ni ya asili, inachimbwa ardhini, lakini wapo wanaoichoma chumbani ili moshi uue kunguni. Moshi huo hugeuka kuwa tindikali ndani ya pua na mapafu, na kwa mtu mwenye pumu unaweza kuwa wa mwisho. Vidonge vya naftalini vinavyowekwa kwenye makasha huweza kumpunguzia damu mtoto mwenye upungufu fulani wa kuzaliwa nao, na mtoto akivitia mdomoni ni hatari zaidi. Mafuta ya taa kwenye godoro yanangoja njiti moja tu ya kiberiti.

ILE CHUPA YA MIKOROSHO

Sumu ya shamba imetengenezwa kwa ajili ya mti ulio nje, wenye upepo na mvua. Ndani ya chumba chenye dirisha dogo haina pa kwenda. Hukaa kwenye sponji ya godoro, na mtoto anayelala saa nane au tisa akiwa amelaza shavu hapo huivuta na kuinyonya kwa ngozi usiku baada ya usiku. Dalili za kudhurika na dawa za aina hizi ni mate na jasho jingi, kutapika, kuumwa kichwa, kifua kubana, misuli kutetemeka, na mara nyingine mboni za macho kuwa ndogo kama nukta. Ukiziona, mtoe mgonjwa nje kwenye hewa, mvue nguo, muoshe kwa maji na sabuni, na umkimbize kituo cha afya ukiwa na ile chupa ili mganga asome kilichoandikwa. Usimtapishe, na usipoteze muda kumnywesha maziwa.

Tena hata sumu yenyewe mara nyingi haifanyi kazi. Kunguni huzoea. Dawa ya DDT ilipotumika sana baada ya Vita Kuu ya Pili, kunguni sugu walionekana Pearl Harbor, Marekani, mwaka 1947. Hapa kwetu Tanzania, utafiti wa vijiji vya Muheza mkoani Tanga uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa vilipoanza kutumika kunguni walitoweka, lakini baada ya miaka kadhaa walirudi wakiwa sugu kwa dawa za jamii ileile. Na jamii hiyo ndiyo iliyomo katika dawa nyingi za kupulizia zinazouzwa madukani. Ukilazimika kutumia dawa ya dukani, iwe ile iliyosajiliwa kwa matumizi ya nyumbani na mamlaka ya viuatilifu ya nchi yetu, TPHPA, iliyochukua nafasi ya TPRI ya Arusha, nayo ipakwe kwenye mbao na nyufa kwa kufuata maelezo.

Habari hiyo ya Muheza isimfanye mtu akatupa chandarua. Wapo wanaosema chandarua ndicho kilicholeta kunguni, wakakitumia kufunikia bustani. Chandarua kinakukinga na mbu wa malaria, na malaria inaua. Kunguni wakijificha kwenye mikunjo yake kikung'ute nje, kifue kwa maji ya kawaida na sabuni laini, kisha kianike kivulini. Jua tunalolisifu katika makala hii, kwa chandarua halifai, hupunguza nguvu ya dawa iliyomo.

WIKI SITA

Kazi yote hii, birika, nailoni, kukagua mishono, irudiwe kila wiki kwa muda usiopungua wiki sita, ili kila yai linaloanguliwa likute mtego kabla mtoto wake hajawahi kutaga. Chagua siku moja ya wiki, mfano Alhamisi, watoto wote washiriki kwa sehemu zao. Nyumba zinazopakana kwa ukuta mmoja zifanye siku moja, la sivyo kunguni watahama tu kwa jirani na kurudi.

Wanaokwenda safari za daawa, wanaokaa itikafu msikitini kumi la mwisho la Ramadhani, wanafunzi wa mabweni na wanaotoka kwenye nyumba za wageni za msimu, begi lisiwekwe kitandani wakati wa kurudi. Libaki uani, nguo ziende moja kwa moja kwenye maji ya moto au nailoni ya juani, na begi lenyewe likaguliwe mifukoni na kwenye zipu. Kwa mikeka na majamvi ya msikiti, kamati zipange siku ya kuyatoa yote nje kwa pamoja na kukagua pindo zake kabla ya Ramadhani kuingia. Na ukipokea mgeni wakati nyumba yako bado ina kunguni, mwambie. Mtandikie kitanda kilichokwisha kutengwa na ukuta, na asubuhi msaidie kukung'uta nguo zake uani kabla hajafunga mzigo.